Usitazame Juu

Mimi Kombo wa Faki, mchumaji wa Mtambwe,
nimepanda mikarafuu tangu sina ndevu,
nimening'inia kwa ukambaa mmoja kiunoni
upepo ukinitikisa kama kipuli sikioni,
na chini watu wadogo, wadogo kama makonyo.
Sikuwahi kusema naogopa.

Gego la mwisho, la chini, upande wa kushoto,
limelala ubavu, halitaki kutoka wala kutulia.
Miezi minne nimelidanganya kwa karafuu,
punje moja naibana shavuni, naendelea na mti.
"Dawa ya jino ni kung'oa," Kazija ananambia.
Namjibu, "Jino la pembe si dawa ya pengo."
Methali kwa methali,
hata usiku mmoja shavu likaumuka kama andazi
na methali zikaniisha.

Wete, asubuhi, benchi la kungojea.
Mtoto wa miaka saba katoka anacheka,
jino lake kalifunga kwenye karatasi.
Mie natazama mlango wa nje, nahesabu hatua: kumi na moja.
Nikajiambia nimemsahau ng'ombe juani.
Ng'ombe sina.

Daktari ni msichana, Time binti Shaame,
babake nilichuma naye Pandani.
Kiti kikajilaza chenyewe, kikanipandisha,
mkono wangu ukatafuta tawi, ukashika hewa.
"Ami," akasema, "mtini, tawi likiyumba, hufanyaje?"
"Sitazami chini."
"Basi hapa usitazame juu.
Fumba macho. Vuta pumzi kwa pua, polepole.
Kila nitakalofanya nitakwambia kwanza.
Ukitaka nisite, inua mkono wa kushoto. Nitasita."

Akafungua kichupa, chumba kikanuka karafuu.
Karafuu! Hapa, baina ya vyuma na taa nyeupe,
harufu ya viganja vyangu mwenyewe.
"Pengine ni zako hizi," akasema,
"zilikwenda, zimerudi."

Sindano ilichoma, nisiseme uongo.
Kisha mdomo ukaondoka, ukawa wa mtu mwingine.
Nikasikia anasukuma, nikasikia kitu kinalia
kama muhogo unaong'olewa kwenye ardhi kavu.
Nikahesabu pishi: moja, mbili.
Ya sita, nikainua mkono.
Akasita. Kweli akasita.
Sikuwa na la kusema. Nilitaka kujua tu kama atasita.
Nikaushusha.
Ya kumi na nne: "Tayari, Ami."

Uma pamba. Usiteme mate ovyo, usifyonze.
Leo chai ya moto hapana, sigara hapana,
wala kidole kwenda kuchungulia.
Kesho, sukutua maji ya chumvi yenye uvuguvugu, taratibu.
Damu ikikataa kukatika, ukipata homa, rudi, usione haya.
Na mtini, wiki nzima, usipande.

Wiki nzima! Na msimu umepamba moto!

Usiku nikalalia mito miwili, kama mzazi.
Kazija akanipondea ndizi mbivu, akanipa na kijiko,
wala hakutaja methali.
Mwanangu akaniletea barafu ya ukwaju ya mfuko,
nikaibandika shavuni mpaka ikayayuka.
Akainywa yeye.

Siku ya tatu shavu likazidi, moyo ukanipaa tena,
lakini Time alikwishanionya:
ya tatu hupanda, ya nne hushuka.
Ya nne likashuka.

Ya tano nikakaa jamvini na wanawake na watoto,
nachambua, karafuu huku, makonyo kule.
Sikujua kuwa kazi hii inauma vidole hivi.
Sikujua kuwa tawi likiyumba kule juu
huku chini mazungumzo hukatika,
mikono yote husimama,
mpaka mtu apige kelele kuwa yuko salama.

"Nikipanda," nikamuuliza Kazija, "huogopa?"
Akatupa konyo.
"Miaka ishirini na miwili," akasema,
na hakuna mkono wa kuinua.

Nikapitisha ulimi kwenye pengo, kwa hadhari.
Lilikuwa laini.
Limeanza kujifunga.